Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Klabu ya Sayansi, Mwaka Ulioisha

Ndugu wanachama, wazazi na walimu walezi, habari za siku. Shughuli za mwaka mnazijua, vikao vya Jumamosi vilikuwepo, karakana ilipakwa rangi, maonyesho ya shule tulienda na vijana walifanya vizuri, hayo sitayarudia. Nataka niongee suala la vijiti maana limesemwa sana kwenye grupu na mimi nilinyamaza makusudi nikisubiri leo.

Wapo waliosema mwenyekiti kaiaibisha klabu, eti wenzetu wanatumia alumini sisi tunajenga daraja la vijiti vya mishikaki, yaani vya mwanzi. Jamani uamuzi ule ni wangu na nausimamia. Sharti la shindano la madaraja lilikuwa daraja livuke sentimita 60, lisizidi gramu 200, na anashinda anayebeba mzigo mkubwa kulinganisha na uzito wa daraja lake. Sasa sentimita moja ya ujazo ya alumini ni gramu 2.7, chuma karibu 7.9, mwanzi unacheza kwenye 0.7 tu. Yaani kwa uzito uleule unapata mwanzi mnene zaidi, na kitu kinene kikibanwa huku na huku hakipindi haraka kama chembamba, halafu nyuzi zake ukizivuta kwa urefu kuzikata ni kazi kweli. Balsa, ule mti laini, ni nyepesi zaidi sikatai, ila nyingi inatoka Ecuador, hiyo hela ya kuagiza nani angechanga? Vijiti viko kila duka.

Kilichotusumbua ni viungo. Daraja la kwanza liliachia kwenye kilo 6, vijiti vyote vizima, gundi ndo imebanduka. Nikawaambia vijana wafunge kila kiungo na uzi wa kushonea, waulowanishe kwa gundi nyeupe ya mbao, walaze mpaka asubuhi, na waongeze pembetatu katikati. La pili lilikuwa na gramu 184. Tukaning'iniza ndoo ya lita 20, binti wa kidato cha pili akawa anamimina maji kwa jagi, mikono inamtetemeka, ndoo ikajaa mpaka maji yakamwagika na daraja halijatikisika. Hiyo ni zaidi ya mara 100 ya uzito wake. Vijiti, uzi na gundi vyote kwa pamoja shilingi 31,000.

Siku hiyo wazazi waliokuja walikuwa 4. Tuko wanachama 46! Inaniuma, kwa sababu waliosema sana kwenye grupu sikuwaona pale.

Ada ni hivyo hivyo, waliolipa ni 19, tumekusanya 190,000, tumetumia 236,500, iliyopungua nimetoa mfukoni kwangu na sijadai. Wengine mnakumbushwa tangu mwezi wa tatu mnasoma meseji mnapita.

Mwakani Mungu akipenda tungependa tujaribu mapanga ya kinu cha upepo, ya mwanzi pia, tutaangalia hali ya mfuko. Risiti zote anazo mweka hazina, anayetaka kuziona aje Jumamosi saa 4 asubuhi, na daraja bado lipo juu ya kabati, aje na mzigo wake alijaribu.