Mkono uliopooza na mashine ya umeme: usije kulala tu

Haipiti wiki bila mtu kutupigia simu hapa kliniki kuuliza bei ya "ule umeme wa kuamsha mkono." Mara nyingi ni mtoto wa mgonjwa. Baba alipata kiharusi miezi minne iliyopita, mguu umerudi, anatembea na fimbo, ila mkono umebaki umejikunja kifuani na vidole vimefumba. Anataka kujua mzee alazwe kwenye mashine mara ngapi mpaka mkono uamke. Hapo tunamwomba atusikilize kwanza, maana anayekuja kulala atamaliza fedha zake bure.

Mkono wenyewe haujaharibika. Misuli ipo, na mishipa ya fahamu itokayo shingoni hadi vidoleni ipo. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo iliyokuwa ikituma amri. Ndiyo maana tukipitisha umeme kidogo juu ya ngozi, mshipa wa fahamu unaupokea na msuli unavuta, hata kwa mtu aliyejaribu wiki nzima bila kuona kidole kikitikisika. Tunabandika vipande viwili vya kunata nyuma ya kigasha, chini kidogo ya kiwiko, kwa sababu misuli ya kunyoosha vidole iko hapo. Nguvu ya kufumba kiganja kwa kawaida hutangulia kurudi. Kufungua ndiko kunakowatesa watu, na mkono usioweza kuachia kikombe hauna msaada mkubwa hata ukiweza kukishika.

Wazee wengi huogopa shoti. Mashine yetu ni ya betri, haichomekwi ukutani wakati wa tiba. Mwanzoni utahisi kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi, kisha vidole vinaanza kunyooka. Tunapandisha kidogo kidogo, na mwenye kusema "basi" ni mgonjwa. Mapigo huwa kati ya 20 na 50 kwa sekunde: yakipungua sana mkono unatetemeka, yakizidi msuli unachoka upesi. Na msuli unaosukumwa na umeme huchoka haraka kuliko ule unaoamriwa na ubongo, kwa hiyo usitudai saa mbili.

Sasa lile la kulala. Mwaka 2016 watafiti wa Cleveland, Marekani, walitoa matokeo ya watu 80 waliokuwa wamepita miezi sita tangu kiharusi. Wote walitumia umeme kwa wiki 12. Kundi moja mashine iliwafungua kiganja kwa muda iliopangiwa, bila wao kuiamuru. Kundi la pili walivaa glavu yenye vihisio kwenye mkono usiopooza: wakifungua mkono huo, mashine inafungua ule dhaifu kwa kiasi kilekile. Walipimwa kwa kuhamisha vipande vya mbao kimoja kimoja kwa dakika moja. Wa glavu waliongeza wastani wa vipande 4.6, wenzao 1.8. Umeme ni uleule, tofauti ni nani anayeuamuru. Tena waliofaidika zaidi walikuwa wale ambao kiharusi chao hakijafikisha miaka miwili na mkono ulikuwa na uhai kidogo tangu mwanzo.

Glavu ile hatuna, lakini somo lake tumelichukua. Hapa mtaalamu hashiki kitufe cha mashine mpaka mgonjwa aanze kujaribu mwenyewe. Kikombe cha plastiki kiko mezani, tunasema "fungua," tunamwona usoni akijitahidi, ndipo umeme unamsaidia kumalizia. Anakishika, anakisogeza, anakiachia. Mara thelathini, mara arobaini. Inachosha kweli, na mama mmoja alituambia ni afadhali kulima. Tunafurahi tukisikia hivyo.

Jambo moja tunalisema kila siku na bado linaumiza watu: msimwinue mgonjwa kwa kuvuta mkono uliopooza. Misuli inayolishikilia bega imelegea, mfupa unateleza chini, na maumivu yake humfanya akatae mazoezi yote. Umeme juu na nyuma ya bega husaidia kuuzuia mfupa usishuke, hasa ukianza mapema.

Wengine mmenunua mtandaoni kamashine ka kutuliza maumivu, kale kanakoitwa TENS, mkidhani ni kitu kilekile. Kanasisimua ngozi na kupunguza maumivu. Hakakuundwa kufundisha kiganja kufunguka. Wengine mnauliza juu ya kifaa cha kupandikiza kinachochochea mshipa wa fahamu uitwao vagasi, shingoni. Ni kweli kipo, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2021, lakini kinahitaji upasuaji, na hata huko hutumiwa mgonjwa akiwa katikati ya mazoezi.

Hatutamwekea umeme mwenye pesimeka, kile kifaa kilichopandikizwa kuongoza mapigo ya moyo. Mwenye kifafa kisichotulia, saratani, damu iliyoganda mshipani, au mjamzito, aje kwanza na maelezo ya daktari wake. Mkono ambao kwa miaka mingi haujatikisika hata kidogo tutaupima, na tukiona umeme hautaufaa tutakwambia siku hiyohiyo.

Siku ya kwanza njoo na karatasi za hospitali, vaa nguo ya mikono mifupi, usipake mafuta mkononi kwa sababu vipande havitashika. Na mje na yule anayekaa naye nyumbani mchana, maana kikombe mtaondoka nacho.