Kwa mdogo wangu, kabla hujaanza kufunga mizigo

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti wa dakika kumi na moja nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa nasonga ugali. Umeipanga humo miji minne: Arusha kwa ajili ya baridi yake, Morogoro kwa ajili ya treni, Dodoma kwa ajili ya viwanja, na Tanga umeitaja mwishoni huku unacheka, kama mtu anayemtaja ndugu wa kukopakopa. Umetaka nikujibu kama dada, nisikufundishe. Haya. Ila najibu hadharani, maana mwaka huu wewe ni mtu wa tatu kuniuliza swali hili hili, wote mna watoto wadogo, na wote mnaanza na jina la mji.

Kwamba mwondoke Dar, hapo sina ubishi. Nililala kwenu mwezi wa nane, nikaamshwa na taa ya sebuleni saa kumi na robo alfajiri. Binti yako wa miaka mitano alikuwa ameketi kwenye kochi, sare imenyooka, viatu miguuni, amelala. Dada wa kazi anamnywesha uji kwa kijiko na mtoto anameza macho yakiwa yamefumba. Kabla ya saa kumi na moja basi la shule likapiga honi mbili, dada akambeba mgongoni hadi getini, begi la shule kalivaa yeye kifuani. Nilisimama dirishani na kanga yangu nikapiga hesabu: huyu anarudi saa kumi jioni. Mtumishi gani wa serikali anafanya kazi saa kumi na moja kwa siku? Hilo peke yake linatosha kuwahamisha, hata tusipoigusa foleni ya Goba.

Arusha naona ndiyo iliyokukaa moyoni. Hali ya hewa ni kweli, na mbu wachache ni kweli. Lakini ulipokwenda kule kikazi, uliwaangalia watu meno? Wenyeji wengi wa pande za Meru, Usa River, Maji ya Chai na kuendelea, wana meno ya kahawia, mengine yana madoa na vishimo, na si kwamba hawapigi mswaki. Ni floraidi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru inaiachia kwenye chemchemi na visima, na sehemu nyingi kipimo kinapita mbali ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kuwa ukomo. Mtu mzima akihamia kule meno yake hayabadiliki rangi. Wanaoharibika ni watoto, kwa sababu meno yao ya ukubwani bado yanatengenezwa ndani ya taya, na kazi hiyo inaendelea hadi wafike karibu miaka minane. Wako wa kwanza ana mitano, wa pili ana miezi kumi. Wewe na wifi mngekaa kule miaka kumi mkatoka na meno yenu meupe, na wao wakatoka na ya Maji ya Chai.

Na usije ukasema mtachemsha. Ukichemsha, maji yanapungua sufuriani na floraidi inabaki palepale, kwa hiyo umeizidisha. Chujio la mkaa wa mifupa linasaidia, wataalamu wa kituo cha Ngurdoto wameishughulikia kazi hiyo miaka mingi, na jiji lenyewe limejengewa mradi mkubwa wa maji. Sikukatazi Arusha. Ninachotaka ni kwamba kabla hujalipa kodi umuulize mwenye nyumba maji yanatoka wapi. Akikujibu "tuna kisima chetu wenyewe, matamu kabisa," mshukuru, kisha omba cheti cha kipimo, kwa sababu floraidi huwezi kuionja. Na magadi ya kulainishia maharage myaache huko huko sokoni, nayo yanayo.

Sasa treni. Hapa ndipo nilipozima jiko nikaketi.

Mpango wako ni familia ikae Morogoro, wewe ubaki na mashine zako za kuchapa fulana Kariakoo, uwe unakwenda na kurudi. Treni ya umeme nimeipanda, nzuri sana, Dar hadi Morogoro haimalizi saa mbili, na nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa 2024 ilikuwa shilingi 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000. Kwa siku 22 za kazi ni 572,000 kwa mwezi, na hapo bado hujapanda bodaboda ya kukutoa stesheni. Hela hiyo ni kodi ya nyumba nzima. Ndiyo maana najua hutakwenda na kurudi kila siku. Wiki ya kwanza utafanya hivyo, ya pili utalala Dar Jumatano "kwa sababu ya oda", na mwezi wa tatu ukiingia utakuwa mgeni wa Jumamosi. Sikutabirii mabaya, nakusimulia yaliyonipata.

Mwaka 2017 wizara ya shemeji yako ilipohamia Dodoma, tulikubaliana mimi nibaki Kimara na watoto mpaka mambo yakae sawa. Nasema tulikubaliana, lakini ukweli niliarifiwa nikaitikia. Wa kwanza alikuwa na miaka mitatu, wa pili miezi saba. Mabasi ya usiku yalikuwa bado yamepigwa marufuku, kwa hiyo Ijumaa ilibidi aombe ruhusa mapema, apande basi mchana, anifikie saa tatu usiku amejaa vumbi, watoto wamelala. Jumapili saa tano anavaa viatu tena. Miezi mingine alikuja mara moja, maana kilomita 450 si mchezo kwa mwili wa mtu wala kwa mshahara wake.

Yule wa pili alijifunza kusema kwa watoto wa jirani, na kwao mwanamume yeyote anayekuja na mfuko wa zabibu ni anko. Jumamosi moja akamwendea baba yake, akamwekea mkono kichwani kama wanavyofundishwa: "Anko, shikamoo." Tulicheka wote. Usiku ule shemeji yako hakula. Januari 2019 tukafunga mizigo, nami nikaiacha kazi niliyokuwa naipenda katika shule moja nzuri, kwa sababu hesabu ya kuishi nyumba mbili ilikuwa imetushinda kwa kila upande, hata upande wa fedha tuliodhani tunauokoa.

Kwa hiyo Morogoro kama mnahamia wote na mashine zenu, mimi ni wa kwanza kuja kuwasaidia kupanga vyombo. Mboga za Uluguru ni rahisi, matunda usiseme, mji hauna makuu. Morogoro ya kuwahifadhi wao ili wewe uwe huru Kariakoo, hapana.

Dodoma sasa, ninakokaa mwaka wa saba. Biashara utapata kuliko kote ulikotaja, sikufichi. Semina, makongamano, sherehe za wizara, vyuo, kila wiki kuna watu wanataka fulana na mabango ya jana. Sensa ya 2012 ilikuta hapa mjini watu 410,000 na ushei, ya 2022 ikakuta 765,000 na ushei, na wote hao wanatafuta nyumba, kwa hiyo dalali wa Dodoma siku hizi anaringa kuliko wa Sinza. Hospitali kubwa ipo. Wanangu wanaondoka nyumbani saa moja kasorobo, kwa miguu, na wakisahau daftari wanarudi kulichukua. Hilo la daftari nakuomba ulitafakari.

Lakini matangazo ya viwanja hayatakwambia kuwa hapa mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka mzima, na ikishakata Aprili au Mei hutaiona tena mpaka Novemba au Desemba. Kuanzia Juni upepo unabeba vumbi jekundu linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa. Mwaka wa kwanza midomo ya watoto ilipasuka mpaka ikatoa damu walipocheka, nikawa nawapaka mafuta ya mgando kama napaka mkate. Nyumba tuliyopanga maji yalikuja kwa mgao, mara mbili kwa wiki, nasi tulikuwa hatujanunua tenki. Nilinunua maji ya boza kwa wiki tatu kabla ya kuelewa kwamba hapa tenki la lita 2,000 hununuliwa kabla ya kochi. Maji yenyewe yana chumvi. Birika langu la Kimara, lile la harusi, lilifanya ukoko mweupe ndani kwa miezi miwili tu. Mtoto akaukwangua kwa kijiko, akaniletea kiganjani: "Mama, birika limetengeneza chaki."

Kiwanja cha Nala unachokisifia ni kizuri, kinunue kama una hela ya akiba, hakikisha kimepimwa. Ila kiwanja si mahali pa kulala, na wewe una mtoto wa miezi kumi, si wa miaka kumi.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Dodoma, na hili liko kila mahali. Mwezi wetu wa pili hapa, shemeji yako akiwa safarini, mdogo alishikwa na homa usiku wa manane mpaka akaanza kukakamaa. Simu yangu ilikuwa na namba za watu mia mbili, wote wa Dar. Nilitoka nje na mtoto begani nikagonga geti la tatu, kwa mama mmoja ambaye nilikuwa nimempa salamu mara mbili tu, tena za haraka. Akatoka na khanga moja kichwani na funguo za gari mkononi, hakuniuliza hata jina. Tangu siku hiyo mtu akiniambia anahamia mahali fulani, namuuliza geti la kugonga saa nane usiku ni la nani. Wewe Arusha huna. Morogoro una rafiki wa chuo ambaye hujaonana naye tangu harusi yake.

Tanga unalo. Ndiyo, ile Tanga uliyoicheka. Mama yuko Muheza, chini ya saa moja kwa Hiace, mama mdogo yuko Chumbageni, na nusu ya watu uliosoma nao bado wapo, wengine wana maduka. Barabara za Ngamiani zina namba, hata mtoto hapotei. Baiskeli bado ni usafiri wa watu wazima wenye akili. Hospitali ya Bombo mtu unaijua njia yake usingizini. Joto lipo, unyevu upo, malaria ipo, kwa hiyo vyandarua si mapambo. Oda za fulana zitapungua, hilo nalo kweli, ingawa bandari imeongezewa kina na bomba la mafuta kutoka Hoima linaishia Chongoleani, na penye kazi hizo hapakosi mikutano na sare. Kitu kimoja tu: usimhesabu mama kama yaya. Magoti yake yamechoka, na watoto wenu hawatembei, wanaruka. Awe bibi wa Jumapili, wa kumletea mkate na yeye kuwapa machungwa.

Ukinibana nitaje mji, basi nimeutaja. Lakini mji huuchagui wewe, wala siuchagui mimi.

Wifi ni muuguzi aliyeajiriwa na halmashauri. Katika dakika zako kumi na moja umemtaja mara moja, uliposema "naye atahamishwa tu". Atahamishwa na nani? Uhamisho wa kuomba mwenyewe hauna posho hata ya kupakia godoro. Kule anakokwenda lazima kuwe na nafasi ya kada yake, au ampate mwenzake wa kubadilishana naye kituo, na mwajiri wa huku akubali kumwachia. Ombi linaingizwa kwenye mfumo, kisha mnangoja, na kungoja kwenyewe hakuna tarehe. Nawafahamu walimu waliobadilishana kwa miezi michache, na ninamfahamu aliyengoja mpaka mtoto aliyekuwa anamnyonyesha akaanza darasa la kwanza. Akiamua kuacha kazi, na mafao yake yanaacha kujengeka. Mashine zako za fulana zinapakiwa kwenye Fuso asubuhi moja. Ajira yake haipakiwi. Kwa hiyo mpangilio wako umeanzia nyuma: kwanza mjue wapi anaweza kupokelewa, ndipo wewe uanze kuota baridi na zabibu.

Nilipokuwa kwenu nilimkuta jikoni anachambua mchele, nikamuuliza yeye angependa wapi. Akasema, "Wifi, nyie amueni tu, mimi nitafuata." Hakuinua macho kwenye ungo. Jibu hilo nalifahamu, nililitoa mwenyewe mwaka 2017, kwa sauti hiyo hiyo.

Basi usinitumie ujumbe mwingine. Jumapili nitakuwa nyumbani kuanzia saa nane mchana. Mpe wifi simu, iwe imejaa chaji. Wewe watoe watoto, wapeleke wakale aiskrimu, na msiwahi kurudi.

Dada yako,
Dodoma