Asante, dada wa foleni ya daktari wa wanyama

Dada yangu uliyeketi nami kwenye foleni ya daktari wa wanyama hapa Columbus, Marekani, jina lako sikuliuliza, na linaniuma. Kinyonga wangu wa Yemen miguu ilikuwa imepinda, macho yamedidimia, ulimi hautoki. Ni wewe uliyenieleza kwamba kioo cha dirisha huzuia miale ya jua iitwayo UVB, na bila miale hiyo mwili wake hautumii kalsiamu ipasavyo, hata ale nyenje wangapi. Maji nilimwekea bakulini. Kumbe yeye hulamba matone majanini! Sasa ana taa yake na tundu la wavu, na nyenje nawanyunyizia unga wa kalsiamu. Miguu haitanyooka kabisa, daktari kasema. Lakini jana alirusha ulimi, akadaka. Nililia. Mungu akuzidishie, dada.