Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Hataza Zinazodai Kila Kitu

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawakaribisha kwenye mkutano mkuu wa chama chetu cha watengenezaji programu hapa Mwanza. Mambo ya kawaida nayapita haraka. Hesabu zimekaguliwa na mhazini atawasomea mwenyewe. Ada bado zinachelewa. Mafunzo ya Jumamosi kwa vijana waliomaliza vyuo yameendelea pale Nyegezi, na wenzetu wa Ukerewe na Sengerema sasa ni wanachama kamili, karibuni sana. Muda uliobaki nauelekeza kwenye jambo moja lililotuumiza mwaka huu, kwa sababu litarudi.

Wengi wenu mnaifahamu programu ya dagaa ya wanachama wenzetu wa Kirumba. Muuzaji aliye kisiwani anatuma kwa simu kiasi na ubora wa mzigo wake. Mnunuzi aliye soko la samaki la Mwaloni anauona, wanapatana bei, na fedha inashikiliwa mpaka magunia yashushwe botini na kupimwa. Hapo ndipo muuzaji analipwa. Inafanya kazi hata kwenye simu ya kitochi, kwa kubonyeza nyota na reli, na iliandikwa baada ya kuwasikiliza kwa muda mrefu akina mama wanaoanika dagaa.

Ikaja barua pepe kutoka kampuni ya nje ambayo haitengenezi programu yoyote. Biashara yake ni kununua hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) na kudai ada. Ilisema programu yetu inaingilia hataza yake ya Marekani, ikataka vijana walioitengeneza wakate leseni au waifunge. Mfadhili wa nje aliyekuwa ameahidi kuwalipia seva, yaani kompyuta inayoiendesha programu mtandaoni, alipopata nakala ya barua hiyo alijitoa, hata jibu letu hakulisubiri.

Kamati ilikaa na hataza hiyo mezani. Dai la kwanza, yaani sehemu inayotaja kile mwenye hataza anachosema ni chake, ni sentensi moja inayojaza karibu ukurasa mzima. Tuliichambua kipande kwa kipande: kupokea taarifa za bidhaa kutoka kwa mtumiaji wa kwanza, kuzihifadhi, kumfikishia mtumiaji wa pili, kupokea malipo, kuyaachia sharti likitimia. Mwanachama mmoja aliyekulia Mwaloni akachukua kalamu, akafuta maneno "seva", "hifadhidata" na "kifaa cha mkononi". Kilichobaki kwenye karatasi ni kazi ya dalali. Wazee wenye madaftari pale mwaloni wameifanya tangu wengi wetu hatujazaliwa, na hakuna aliyewahi kumdai mwenzake ada ya kushika fedha za watu wawili.

Nisieleweke vibaya. Mtu aliyebuni mashine ya kukaushia samaki anastahili hataza. Anaeleza hadharani inavyofanya kazi, anapewa muda wa kuifaidi peke yake, kwa kawaida usiozidi miaka 20, na mwingine akipata njia tofauti ya kukausha samaki yuko huru. Hataza niliyoisoma inadai matokeo yenyewe, kwa njia yoyote ile, ikiwemo njia ambayo mwenye hataza hajawahi kuiwaza. Tena haifundishi kitu. Niliisoma yote na sikukuta hata mstari mmoja kuhusu mtandao unaokatika katikati ya malipo, jambo lililowatesa vijana wetu kuliko yote.

Na wala si sisi wa kwanza. Mwaka 1999 Amazon ilipewa hataza Marekani ya kununua kitu mtandaoni kwa kubonyeza mara moja tu. Ikaishitaki kampuni ya vitabu ya Barnes & Noble, nayo ikalazimika kuwaongezea wateja wake hatua nyingine ya kubonyeza. Hataza hiyo ilidumu hadi 2017. Ulaya, mwaka 2005, Bunge lilipigia kura mswada ambao watengenezaji wadogo waliona ungefungulia mlango hataza za programu. Ulikataliwa kwa kura 648 dhidi ya 14, baada ya watu kama sisi kuwaandikia wabunge wao kwa miaka.

Kesi inayotuhusu zaidi ni ya kampuni ya Alice dhidi ya CLS Bank, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2014. Hataza za Alice zilihusu mtu wa kati anayehakikisha pande mbili za muamala zinatimiza ahadi. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba wazo hilo ni la zamani, na kulipitisha kwenye kompyuta ya kawaida hakulifanyi uvumbuzi. Hoja hiyo tuliiweka kwenye jibu letu.

Kisheria tuko pazuri kuliko wengi wanavyodhani. Hataza ya Marekani inatumika Marekani. Kama haikusajiliwa BRELA, wakala wetu wa usajili, au kupitia ARIPO, shirika la Afrika la miliki ubunifu kule Harare, kwa kuitaja Tanzania, haina nguvu Mwanza. Na hii haikusajiliwa kwa njia yoyote kati ya hizo. Sheria yetu ya Hataza ya 1987 haihesabu mbinu za kufanyia biashara kuwa uvumbuzi, na msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu, unalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Lakini seva tunazipanga nje, na maduka ya programu yako mikononi mwa kampuni za nje. Barua moja tu inaweza kuiondoa kazi yako dukani kabla hakimu yeyote hajaisikia. Hilo linanikera kweli. Vijana waliofanya kazi halali, katika nchi ambayo hataza ile haipo, wamepoteza mfadhili kwa sababu ya karatasi ambayo hata nchini kwake ingeweza kufutwa, ila kuipinga mahakamani kule ni gharama isiyobebeka kwetu.

Baadhi yenu mmependekeza nasi tusajili hataza pana za kwetu, tuwe na silaha. Nimelifikiria kwa heshima na ninalipinga. Tukidai "malipo ya samaki kwa simu", wa kwanza kuumia atakuwa kijana wa Musoma au Bukoba.

Badala yake kamati inaleta hoja tatu. Kila mwanachama aweke hadharani maelezo ya kazi yake yenye tarehe, ili mtu asije baadaye kudai kaibuni yeye. Barua yoyote ya madai iletwe kwa kamati kabla ya kujibiwa au kulipiwa. Na sehemu ya ada itengwe kwa ajili ya wakili, kiwango mkiamue ninyi leo.

Programu ya dagaa bado iko hewani. Vijana wanalipa seva kwa mifuko yao, na fomu ya kuwachangia iko kwa katibu, meza ya mlangoni.

Nawasilisha.

Mwenyekiti