Sura ni Yako, Picha Huenda Si Yako: Barua kwa Wanamitindo wa Nakuru

Wanangu na wajukuu zangu mnaojifunza kutembea jukwaani kila Jumamosi pale ukumbini, salamu.

Wiki iliyopita mmoja wenu alinijia nyumbani, Section 58, na karatasi tatu zilizobanwa pini. Alitaka nimsomee, maana maneno ya kisheria yalikuwa yanamteleza. Macho yangu ni ya miaka sabini na ushei, na yamechungulia kwenye kamera tangu 1974, lakini nilivaa miwani nikasoma. Fomu ilisema kwamba binti anamruhusu mpiga picha kutumia sura yake milele, katika ulimwengu wote, kwa chombo chochote kilichopo na kitakachobuniwa. Nilicheka hadi chai ikamwagika. Ulimwengu wote! Wakitaka kumbandika mwezini, hana neno la kusema. Kisha nikaona siku ya kutia sahihi imekaribia, na kicheko kikaniishia.

Mimi si wakili. Nilikuwa na studio hapa mjini kwa miaka 31, mtaa wa nyuma, si mbali na stesheni ya reli. Ninachowaambia nimekipata kwa kusoma sheria uzeeni, na kwa kosa nililolitenda nikiwa na nguvu zangu.

Mwaka 1991 mwalimu kijana wa shule ya msingi alikuja kupigwa picha ya kumpelekea mchumba wake aliyekuwa kazini Mombasa. Siku hiyo mwanga ulikubali. Nilimketisha upande, kitenge begani, kidevu juu kidogo, na alipoondoka nilijua nimepata picha ambayo haiji mara mbili. Alilipa, akachukua nakala zake, negativu, ile filamu inayotoa nakala, ikabaki kwangu kama ilivyokuwa desturi. Picha moja nikaiweka dirishani. Miezi michache baadaye akapita mchapishaji mmoja wa kalenda, akaiona, akauliza bei. Nikamuuzia negativu kwa shilingi 800. Haikunipitia akilini kwamba kuna mtu wa kuulizwa.

Januari mwalimu aliingia studio ameikunja kalenda mkononi kama kiboko. Alikuwa ameikuta imetundikwa kwenye bucha, na chini ya kifua chake pameandikwa tangazo la mafuta ya kupikia. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Fundi, nani alikuambia mimi nauzwa?" Nilimpa zile mia nane. Aliziacha mezani, na sikumwona tena.

Swali lake ndilo nimelibeba hadi leo, nalo ndilo mnalopaswa kulielewa kabla ya kushika kalamu. Mtu akiuliza "picha ni ya nani," anauliza maswali matatu kwa mpigo. Kuna kitu chenyewe: zamani negativu na karatasi, siku hizi faili lililo kwenye kamera au flashi. Kuna hakimiliki, yaani haki ya kunakili, kuuza na kutangaza picha ile. Na kuna sura iliyomo ndani. Haki hizi tatu zinaweza kuwa za watu watatu tofauti, na hakuna mmoja anayeweza kusema "ni yangu" akawafunga midomo wenzake. Mimi nilikuwa na negativu nikadhani ninavyo vyote.

Tuanze na hakimiliki, maana hapo ndipo wengi wenu mmedanganywa, tena na watu wanaojiamini. Mpiga picha atawaambia, "Aliyebonyeza ndiye mwenye picha, duniani kote ni hivyo." Hapa Kenya sivyo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema hakimiliki huanza kwa mtunzi, lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wake, inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, ila kama wamekubaliana vingine. Na mpiga picha aliyeajiriwa, akipiga katika kazi ya ajira yake, hakimiliki inakwenda kwa mwajiri. Kwa hiyo ukienda studio ukalipa upigwe picha za mahafali, na hakuna karatasi inayosema vinginevyo, hakimiliki ni yako wewe mteja. Duka la nguo la Kisumu likimwagiza mpiga picha akupige ukiwa umevaa magauni yao, hakimiliki ni ya duka. Wewe uliyesimama juani ufukweni Dunga kuanzia asubuhi hadi saa tisa, hakimiliki humo huna hata chembe.

Yale maneno ya "duniani kote" yanatoka wapi? Yanatoka kwenye fomu zinazopakuliwa mtandaoni, zilizoandikwa kwa sheria ya Marekani. Kule mpiga picha wa kujitegemea kwa kawaida hubaki na hakimiliki hata kama umemlipa. Uingereza nao walikuwa kama sisi, aliyeagiza na kulipa ndiye mwenyewe, hadi sheria yao ya 1988 ilipoanza kufanya kazi mwaka uliofuata ikampa mpiga picha. Ila huko aliyeagiza picha kwa mambo yake ya nyumbani bado anaweza kuzuia zisitangazwe. Fomu ya watu wa huko ikitiwa sahihi Nakuru inaweza kuwa ndiyo yale "makubaliano mengine" yanayokunyang'anya kile ambacho sheria ya kwenu ilikuwa imekupa bure. Mteja anakwenda kulipa, anatia sahihi kwa haraka ili awahi mwanga wa jioni, na anatoka ameacha haki yake kaunta.

Sasa lile jambo lenu la "tusaidiane." Mpiga picha anatafuta picha za kuonyesha kazi yake, wewe unatafuta picha za kuonyesha sura yako, hakuna pesa inayotoka, mnapanda mlima Menengai pamoja. Nani amemwagiza nani? Hapo watu wawili waaminifu wanaweza kugombana bila hata mmoja kusema uongo. Kama hakuna aliyeagiza, hakimiliki inabaki kwa mtunzi, na mtunzi wa picha kwa sheria yetu ni yule anayewajibika kwa mpangilio wake. (Nionavyo mimi, ukimpa mpita njia simu yako abonyeze baada ya wewe kuchagua mahali, pozi na upande wa jua, mtunzi ni wewe. Lakini nimekwisha sema mimi si wakili.) Dawa yake ni mistari minne kwenye WhatsApp kabla ya kupanda gari: nani ana hakimiliki, mwenzake anaruhusiwa kuzitumia wapi, zinaweza kuuzwa au la, na nani atatajwa jina.

Ruhusa ya kawaida ya kutumia picha inaweza kutolewa hata kwa mdomo. Kuhamisha hakimiliki yenyewe, au kumpa mtu mmoja ruhusa ya kipekee, lazima kuwe kwa maandishi yenye sahihi. Basi mtu akikuambia, "Tuliongea kwa simu ukaniachia zote," usitetemeke.

Nanyi wateja, msiende kutamba. Hata ukiwa na hakimiliki, mpiga picha ana haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake, na anaweza kupinga ukiikatakata na kuipaka rangi hadi ikamtia aibu. Kufuta jina lake kwenye pembe ya picha ni utovu wa adabu, na si salama kisheria. Wala hakimiliki peke yake haimlazimishi akukabidhi kila faili ghafi, yaani lisilohaririwa, alilopiga. Ukizitaka, sema kabla ya kulipa. Uliza pia atazihifadhi kwa muda gani. Nimeona bibi harusi akirudi baada ya miaka miwili kwa mpiga picha ambaye kompyuta yake ilikufa zamani.

Ulinzi wa picha kisheria ni miaka 50, kuanzia mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma mara ya kwanza, tarehe ya mwisho ndiyo inayohesabiwa. Picha nilizopiga na kuzitundika dirishani mwaka 1974 zilitoka kwenye ulinzi huo mwisho wa 2024. Nilizifuta vumbi siku hiyo. Si neno.

Kuhusu sura nitakaa kidogo, maana ndipo palipo mali yenu. Katiba ya 2010, ibara ya 31, inalinda faragha yako, na ibara ya 28 heshima yako. Juu yake ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo kwayo picha inayokutambulisha ni data yako binafsi. Anayetaka kuitumia kibiashara anahitaji ridhaa yako ya wazi, hata kama hakimiliki ni yake asilimia mia. Hili si la vitabuni tu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mtu aliyekwenda kustarehe bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamuru mwanafunzi alipwe shilingi 700,000 baada ya chuo kikuu kutumia picha yake kwenye matangazo bila kumuuliza. Ningekuwa nauza kalenda leo, studio ingefungwa.

Ridhaa hiyo unaweza kuiondoa wakati wowote. Lakini hairudi nyuma: mabango yaliyochapishwa jana ukiwa umekubali, yalichapishwa kihalali. Na kama ulilipwa kwa mkataba, kuna mtu atakudai. Ndiyo maana nawaambia mpime ruhusa tangu mwanzo kama fundi cherehani anavyopima kitambaa. Picha itumike kwa bidhaa gani, kwa miezi mingapi, Kenya tu au na nje, mtandaoni tu au hadi kwenye mabango ya barabarani? Sura yako kwenye losheni mwaka mzima si bei moja na sura yako kwenye ukurasa wa Instagram wa kinyozi. Siku hizi ongezeni na kompyuta zinazotengeneza sura: kama fomu inaruhusu "kubadilisha kwa njia yoyote," kesho utajiona ukitangaza dawa ya nguvu za kiume kwa sauti yako, na dawa yenyewe hujawahi kuisikia. Mstari huo ukateni.

Mpiga picha wa gazeti akiwanasa kwenye umati mkishangilia mpira Kisumu, hiyo ni habari, na sheria inampa nafasi yake. Msikimbilie kumshtaki kila mwenye kamera.

Walio chini ya miaka 18 hawatii sahihi kitu. Mzazi au mlezi ndiye anayekubali, tena awepo, si kusema "mama amekubali kwa simu." Mama zenu wakinuna, waambieni ni mimi niliyesema.

Na kuna hili ambalo mzee huona haya kulisema mbele ya mabinti, lakini nitalisema. Mtu akikuita upigwe picha kwenye chumba cha hoteli, peke yako, jioni, nenda na mwenzako au usiende. Mpiga picha wa kweli hababaishwi na mtu aliyekaa kwenye kiti cha pembeni akila njugu. Anayetaka ada ya usajili kabla hujasimama mbele ya kamera, muulizeni kampuni yake imesajiliwa kwa jina gani, mtamwona anavyopungua. Na aliye na picha zako za faragha akatishia kuzisambaza, usimtumie hata shilingi kwa M-Pesa, maana atarudi. Kusambaza picha za namna hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 37: faini hadi shilingi 200,000, au jela hadi miaka miwili, au vyote. Nenda polisi ukiwa na ujumbe wenyewe kwenye simu, usiufute kwa hasira wala aibu. Picha ya skrini peke yake si kitu cha kutegemea mahakamani. Sheria ya ushahidi inataka hati ya kueleza ilitolewa kwenye chombo gani na vipi.

Nayo malalamiko ya picha kutumika bila ridhaa hupelekwa kwa Kamishna wa Data, ambaye anatakiwa kuyaamua ndani ya siku 90. Mwandikie kwanza mtumiaji, kwa adabu, umtake aiondoe, na uhifadhi nakala. Wengi huiondoa hapohapo wakiona mtu anajua anachosema.

Binti uliyeniletea fomu, karatasi zako ziko hapa juu ya redio. Nimekata kwa kalamu nyekundu "milele," "ulimwengu wote" na ule mstari wa kubadilisha. Nimeandika miaka miwili, Kenya, na mtandao tu. Mpelekee mpiga picha huyo hivyo hivyo. Akikubali, lete nakala niiweke kwenye faili. Akikataa, bado nina kamera yangu ya zamani na roli mbili za filamu ambazo sijui kama bado ni nzima, na Jumamosi nitakuja nayo ukumbini. Hakimiliki itakuwa yako. Negativu utaondoka nayo.

Mzee wenu wa studio,
Nakuru