Tafiti za usalama zimfikie mama mboga

Mhariri,

Sijawahi kukuandikia, ingawa gazeti hili halikosi mezani pangu. Ripoti yenu ya Jumatatu kuhusu kongamano la akili unde imenikera. Ilijaa majina ya wageni waheshimiwa, wala hapakuwa na sentensi moja ya kueleza watafiti wenyewe wamegundua nini, na ugunduzi huo utamkinga nani.

Dada yangu huuza mboga Kayole. Mwaka jana nambari ngeni zilimpigia na kukata, naye kama mfanyabiashara yeyote akapiga kuuliza ni nani. Jioni laini yake ikazimika. Tapeli alikuwa ameipigia kampuni ya simu akijifanya yeye. Alitaja jina, kitambulisho na nambari zilizopigwa mwisho, zile zile alizomtegea, laini ikahamishiwa kadi ya tapeli huyo. Pesa za chama chao cha akiba, zilizokuwa kwenye simu, zikaenda zote. Tulipofika dukani kulalamika, kijana wa kaunta akamuuliza kwa nini alimpa mtu nambari yake ya siri. Hakumpa mtu! Na mtego huu si mgeni, mhariri. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walichapisha matokeo baada ya kuzijaribu kampuni tano za simu za huko. Zote tano zilikuwa na njia dhaifu za kumtambua mteja. Walionya hasa juu ya swali la nambari zilizopigwa karibuni, kwa kuwa mtu hushawishika kwa urahisi kupiga nambari anayoitaka tapeli. T-Mobile, moja ya kampuni hizo, ilipoarifiwa ikaliacha swali hilo. Utafiti huo unasomwa mtandaoni bila malipo, na dada yangu bado aliibiwa kwa njia iyo hiyo.

Tusiwalaumu watu wa simu peke yao. Nilikwenda maktaba ya chuo kimoja hapa mjini kutafuta tasnifu za wanafunzi wetu kuhusu wizi wa laini, nikaambiwa nilete barua ya idara. Vijana wanasomeshwa kwa kodi yetu, wanazunguka juani kuwahoji mawakala, kisha kazi yao inafungiwa kabatini! Deep Learning Indaba, mkutano wa Waafrika wa akili unde, ulipofanyika Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2019, tulijivuna kwamba Waafrika wanakutana nyumbani kuijadili akili unde. Vikao hivyo navitaka. Ninachodai ni matokeo yatoke nje ya lango.

Kila mtafiti wa usalama wa kompyuta anayelipwa na umma aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Ubandikwe Huduma Centre ya GPO, kituo cha huduma za serikali pale posta kuu, na katika kila duka linalobadilisha laini, upande wa mhudumu, naye ausome kwa sauti kila asubuhi kabla ya kuwasha kompyuta. Nawe ukimtuma mwandishi kongamanoni, mwagize aulize mama mboga afanye nini simu ngeni ikilia na kukatika. Akirudi bila jibu, hizo picha za wageni msizichapishe.

Mwalimu mstaafu,
Umoja, Nairobi