Wauza manukato watuachie tuyajaribu kwenye ngozi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba manukato yanayouzwa siku hizi kwa wanaume na wanawake kwa pamoja ni ulaghai mtupu, kwa sababu harufu yake haieleweki ni ya nani na huisha baada ya saa moja, na bei ya chupa moja inanunua saruji ya msingi wa chumba kizima. Kuhusu bei sina ubishi naye. Kuhusu harufu, nadhani alinusa kifuniko akaondoka, na mtu hawezi kuyajua manukato kwa kunusa kifuniko.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kirumba, na kazi yangu hunisimamisha karibu na shingo za watu kuliko ya daktari. Nikimpima mteja kola, pua yangu iko sentimita chache tu kutoka pale alipopuliza unyunyu wake, na nikipima urefu wa mkono tepu huishia kwenye kifundo, ambako ndiko mahali pa pili watu wanapopulizia. Kwa hiyo haya ninayoyasema nimeyanusa mwenyewe kwa miaka mingi, ingawa chupa kubwa ya manukato sijawahi kuimiliki, isipokuwa moja nitakayoieleza.

Watengenezaji ninaowazungumzia ni wale wanaotengeneza kidogo kidogo, wasiotegemea matangazo ya wacheza mpira na waigizaji, na ningewaita nyumba ndogo za manukato kama maneno hayo mitaani kwetu yasingekuwa na maana nyingine itakayonigombanisha na mama watoto. Wengi wao hawaandiki kwenye chupa kama ni ya kike au ya kiume. Mwenzangu analiona hilo kuwa jambo geni la Wazungu, nami namshangaa, kwa maana bibi yangu mzaa mama, mzaliwa wa Tabora, alifukiza udi katika chetezo kimoja, kanzu za babu na kanga zake mwenyewe zikitandazwa juu ya tenga lilelile, wala sikusikia mtu akiuliza kama udi ule ulikuwa wa kike. Kwenye maulidi mrashi hauchagui wa kumnyunyizia marashi ya waridi. Oman, ilikoanzishwa kampuni ya manukato ya Amouage mwaka 1983, mwanamume kunukia waridi na udi ni sehemu ya heshima yake. Hata maji ya Cologne, ambayo Johann Maria Farina alianza kuyauza katika mji huo wa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1700, yalipakwa na wanaume kwa wanawake. Rafu mbili tunazoziona madukani zimewekwa na wafanyabiashara baadaye sana.

Tuje kwenye ngozi. Ndani ya chupa moja mna vitu vyepesi vinavyoruka mapema, kama limau, chungwa na bergamoti, tunda la jamii ya machungwa. Mna vya kati, kama waridi, asumini, langilangi na karafuu. Na chini yake mna vizito, kama sandali, udi, ubani na miski, ambavyo huweza kukaa mpaka kesho yake. Nikijipuliza mjini na kupanda daladala ya Nyegezi ninakoishi, limau limekwisha kabla hatujafika Mkuyuni, na tukikaribia Butimba ndipo inapoanza kujitokeza harufu ambayo mtu ameilipia hasa. Aliyenusa dukani kwa dakika moja akasema haieleweki, alikuwa bado yuko kwenye limau.

Shahidi wangu mkubwa ni pasi. Mteja akileta shati la kupunguza, hata likiwa limefuliwa, nikiikandamiza pasi ya moto kwenye kola mvuke huinuka na harufu aliyojipuliza wiki iliyopita, na katika miaka yangu yote pasi haijawahi kunirudishia limau. Hunirudishia miski, sandali, udi, na mara nyingine ile harufu kavu ya mbao ya mwerezi. Kitambaa hutunza hivyo vizito karibu kama vilivyotoka chupani. Ngozi haitunzi hivyo, kwa kuwa ina joto, ina mafuta na ina jasho, na kila mtu ana yake.

Mwaka jana walikuja mtu na mkewe kupima sare ya harusi ya ndugu yao, wote wawili wamejipuliza kutoka chupa moja ya manukato ya Santal 33, ya kampuni ya Le Labo, waliyoletewa zawadi. Kwa mume ilinukia kiatu kipya cha ngozi na mbao iliyotoka kupigwa randa, kavu na safi, hata nikachelewa kuandika kipimo. Kwa mke, naye aniwie radhi, ilinukia achari ya matango, na mwenyewe alikubali huku akicheka kwamba wifi zake walikwisha kumwambia hivyo. Baadaye nilikuja kujua kuwa neno hilo la achari limesemwa na watu wengi, mbali na hapa, kuhusu manukato hayohayo. Na asije mtu akasema basi hiyo ni ya kiume, kwa sababu nina mteja mwingine, mama anayeuza vitenge Makoroboi, ambaye manukato ya mbao na moshi humkaa vizuri kuliko mwanamume yeyote niliyewahi kumpima.

Mpwa wangu naye alirudi kutoka Dubai na chupa ya manukato ya Molecule 01, iliyotoka mwaka 2006, ambayo ndani yake mna kiini kimoja tu cha harufu kilichotengenezwa maabara, kiitwacho Iso E Super. Alijipuliza asubuhi, na baada ya dakika kumi akaanza kulalamika kwamba ameuziwa maji, akaongeza, kisha akaongeza tena. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza ya kukatia, nikisikia harufu laini ya mwerezi ikija na kupotea kila alipopita. Wapo watu ambao pua zao haziinasi kabisa harufu ya namna hiyo, na hata pua inayoinasa huizoea upesi ikaacha kuitambua, kwa hiyo mwenye kuvaa si hakimu wa kutegemewa. Mwenzangu anayedai kwamba huisha baada ya saa moja, je, alimuuliza mtu aliyeingia kutoka nje?

Hali yetu ya hewa nayo ina neno. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, asubuhi upepo wa ziwani hupoza shingo, lakini ikifika saa nane mchana, mawe yakishapata moto, udi ule uliokuwa mtamu saa moja asubuhi unaweza kuwafungulisha madirisha abiria wote wa daladala. Mwenye ngozi kavu apake kwanza mafuta ya mgando yasiyo na harufu, harufu itamkalia zaidi. Yale yanayodai kunukia bahari, chumvi na mwani, kusema kweli sijayapenda huku kwetu. Yakikutana na dagaa wa soko la Mwaloni hujui tena kipi kimetoka chupani.

Kilichonifanya nishike kalamu hasa ni mkasa ulionipata katika duka moja la hapa mjini. Niliomba kujaribu manukato ya waridi na ubani. Kijana muuzaji akaninusisha kwenye kipande cha karatasi, kisha akayarudisha haraka: "Mzee, haya watumia kina mama, ngoja nikupe ya kiume." Nikanyoosha mkono anipulizie hayo ya kiume, akasema mkononi hairuhusiwi mpaka nilipie. Kwenye karatasi yalinukia vizuri, nami nikalipa fedha ya kushona mashati sita. Saa mbili baadaye, juu ya ngozi yangu, yalikuwa yamegeuka harufu ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu na mkono wenye jasho. Nilipoyarudisha nikaambiwa chupa iliyofunguliwa haipokelewi.

Ninachowaomba wenye maduka si kikubwa. Wampulizie mteja kwenye kifundo, wamwache aende zake mpaka jioni au hata kesho yake. Wauze pia vichupa vya mililita 2 au 5, na pale panapoandikwa kike au kiume waandike ukali wake, kwa maana yenye asilimia 4 ya mafuta ya harufu hayawezi kukaa sawa na yenye asilimia 20. Wanaouza mafuta ya kupima pembeni mwa barabara wanalifanya hilo bila kuombwa: hukugusisha kijiti nyuma ya kiganja, ukaenda sokoni, ukarudi na jibu lako. Ile ya waridi na ubani mpaka leo sijaijaribu.

Fundi cherehani,
Kirumba, Mwanza